Dawa Ilimfaa Nani? Mafunzo Niliyopata Katika Takwimu za Majaribio ya Tiba

Kazi yangu ni takwimu za majaribio ya tiba. Daktari na muuguzi hukutana na mgonjwa ana kwa ana. Mimi hukutana naye akiwa mstari mmoja kwenye jedwali: namba ya ushiriki, umri, jinsia, uzito, kundi alilopangiwa, na mwisho wake, kama alipona au alifariki. Jaribio likiisha, swali la kwanza ni kama dawa ilifanya kazi. La pili hufuata haraka, mara nyingi kabla la kwanza halijajibiwa vizuri: ilimfaa nani hasa? Wanawake au wanaume, watoto au wazee, wenye kisukari au wasio nacho? Ili kulijibu, tunawagawa washiriki katika vikundi na kuangalia matokeo ndani ya kila kimoja. Huo ndio uchambuzi wa vikundi vidogo. Nimeona ukilinda watu, na nimeona ukipotosha mabingwa wenye elimu kubwa. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Swali ni la haki, na mwenye nalo ni mgonjwa

Wapo watakwimu ambao wangependa tusitazame kikundi chochote, tuishie kwenye jibu la jumla. Sikubaliani nao. Mzazi aliyeketi mbele ya daktari ana mtoto mmoja, wa umri fulani na historia fulani, na ana haki ya kuuliza kama matokeo ya maelfu ya watoto wengine yanamhusu huyu wake.

Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S lilianza 2009 na kumalizika 2014, likiwa na watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Tanzania ilikuwa na vituo viwili, Bagamoyo na Korogwe. Kenya ilikuwa na Kilifi, Siaya na Kombewa. Tangu mwanzo watafiti waliwatenga watoto kwa umri: wachanga wa wiki 6 hadi 12, ambao wangechomwa pamoja na chanjo zao za kawaida, na watoto wa miezi 5 hadi 17. Kwa mfumo wa kliniki zetu, ingekuwa nafuu sana kama wachanga wangepata kinga nzuri, maana katika umri huo mama yuko kliniki tayari. Haikuwa hivyo. Kwa waliopata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 kwa watoto wakubwa na asilimia 26 kwa wachanga. Kila kikundi kilikuwa na maelfu ya watoto, na swali lilikuwa limeandikwa kabla ya sindano ya kwanza. Leo Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtoto aanze chanjo hiyo akiwa na miezi mitano hivi, hata kama ratiba hiyo inamlazimu mama kurudi kliniki mara nyingine.

2. Ukigawa mara nyingi, lazima kitu kitokee

Mwaka 1988 watafiti wa Oxford, Uingereza, walichapisha jaribio lililoitwa ISIS-2. Wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kupatwa na mshtuko wa moyo walipangwa kwa nasibu, na nusu yao wakapewa aspirini kila siku kwa mwezi mmoja. Ndani ya wiki tano za mwanzo, vifo vitokanavyo na moyo na mishipa ya damu vilipungua kwa asilimia 23. Dawa ya bei ya pipi, faida kubwa, ushahidi usiotikisika. Kisha wakatakiwa waonyeshe matokeo kwa vikundi vingi. Walikubali, lakini wakaongeza kikundi kimoja cha kwao: nyota ya kuzaliwa. Waliozaliwa chini ya nyota ya Mapacha na ya Mizani walionekana kufariki kwa asilimia 9 zaidi walipopewa aspirini, ilhali wa nyota nyingine zote walifaidika kwa asilimia 28.

Hakuna daktari aliyewanyima aspirini watu wa Mapacha, na watafiti hawakutaka wanyimwe. Walitaka msomaji aone kwa macho yake kitu ambacho hesabu hukisema kila siku bila kusikilizwa. Tukikubaliana kwamba tutaiita tofauti "ya kweli" pale ambapo nafasi ya kutokea kwa sadfa ni chini ya asilimia 5, basi dawa isiyo na tofauti yoyote kati ya watu, ikipimwa kwa vikundi 20 vinavyojitegemea, ina nafasi ya asilimia 64 ya kukuonyesha angalau tofauti moja ya uongo. Si lazima mtu adanganye. Ni kugawa na kugawa tena tu.

Nimekaa kwenye kikao ambacho jibu la jumla lilikuwa limetoka, na dawa haikuwa imesaidia. Chumba kilikuwa kimya. Mtafiti mkuu, mtu mwema aliyeitumikia kazi ile kwa moyo, akanigeukia: "Dada, hebu tuangalie wa vijijini peke yao." Nikaangalia. Hakuna kitu. "Chini ya miaka miwili?" Hakuna kitu. "Wa kike, chini ya miaka miwili, waliofika hospitali ndani ya siku moja?" Hapo asilimia ikapanda, na nyuso zikachangamka. Katika kikundi kile walikuwa wamebaki watoto wachache kiasi kwamba kifo kimoja kikihamia upande wa pili, faida yote ingefutika. Nilimwambia, "Daktari, tui la kwanza tumeshalikamua, haya ni maji ya machicha." Alinielewa, ingawa ilimuuma. Ripoti iliandikwa kama mpango ulivyosema, na ile migawanyo ya mwisho ikatajwa kwa jina lake halisi: iliyofanywa baada ya kuona matokeo.

Tangu siku ile, nikisoma ripoti naanza kwa kutafuta ni vikundi vingapi vilipimwa kwa jumla. Kama mwandishi ananionyesha kimoja kilichong'ara bila kuniambia idadi ya vilivyopimwa, naifunga karatasi mpaka aniambie.

3. Vilinganishe vikundi vyenyewe kwa vyenyewe

Somo hili ni la hesabu kidogo, nalo ndilo linalokosewa zaidi hata katika majarida makubwa.

Chukua mfano. Jaribio lina wanaume 2,000 na wanawake 400, nusu kwa nusu katika kila upande. Kwa wanaume, wasiopewa dawa wanafariki 200 kati ya 1,000, waliopewa wanafariki 150. Kwa wanawake, wasiopewa wanafariki 40 kati ya 200, waliopewa 30. Punguzo ni lilelile kabisa: robo ya vifo. Lakini ukipima kila kikundi peke yake, cha wanaume kitavuka kipimo cha takwimu kwa urahisi, na cha wanawake hakitavuka, kwa sababu tu ni wachache. Kesho yake gazeti litaandika: dawa inawafaa wanaume, haiwafai wanawake. Na kumbe jedwali halikusema hivyo popote.

Swali sahihi ni moja: je, tofauti kati ya punguzo la wanaume na punguzo la wanawake ni kubwa kuliko inavyoweza kuletwa na sadfa? Kipimo chake kipo, na kinahitaji watu wengi. Ili kuona kwa uhakika tofauti kati ya vikundi viwili yenye ukubwa sawa na faida ya dawa yenyewe, unahitaji washiriki mara nne ya wale waliotosha kuona faida hiyo. Majaribio mengi hayana watu hao, kwa hiyo mengi hayawezi kulijibu swali hili hata yakitaka.

Gharama yake ililipwa na wanawake. Mwaka 1978 jaribio la Kanada lenye wagonjwa 585 waliokuwa na dalili za mwanzo za kiharusi lilionyesha kwamba aspirini ilizuia kiharusi na vifo kwa wanaume, na kwa wanawake haikuonekana kusaidia. Kwa miaka mingi madaktari wengi waliwapa wanaume aspirini na kuwaacha wanawake. Baadaye, majaribio mengi yalipounganishwa na idadi ya wanawake ikawa kubwa vya kutosha, ilidhihirika kwamba aspirini inawakinga wote. Ninapofikiria wale walioachwa, hasira hunipanda hata leo.

4. Tarehe ya swali ni sehemu ya jibu

Itifaki nzuri hutaja mapema vikundi vitakavyochambuliwa, sababu ya kuvichagua, na upande ambao tofauti inategemewa. Huwekwa kwenye daftari la wazi la majaribio kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa. Mimi husoma itifaki kwanza, ripoti baadaye, kisha nazilinganisha.

Hata hivyo kuuliza mapema hakutoshi. Mwaka 1996 jaribio la PRAISE lilipima dawa ya amlodipini kwa wagonjwa 1,153 wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri. Wagonjwa walikuwa wametengwa tangu mwanzo kwa chanzo cha ugonjwa: wale ambao mishipa ya moyo imeziba, na wale ambao chanzo ni kingine. Kundi hili la pili lilionekana kupungukiwa vifo kwa asilimia 46. Watafiti wakafanya jambo la uungwana: hawakukimbilia kuipendekeza dawa kwa wagonjwa hao, walianzisha jaribio jingine, PRAISE-2, kwa wagonjwa wa aina hiyo tu. Faida ikayeyuka. Kwa hiyo mtu akiniuliza matokeo ya kikundi kidogo yana thamani gani, hujibu kwamba yana thamani ya kuanzisha utafiti unaofuata.

5. Rangi ya ngozi ni kigezo chepesi, na huwabebesha watu matumaini mazito

Februari 2003 kampuni ya VaxGen ya Marekani ilitangaza matokeo ya jaribio la chanjo ya VVU lililokuwa na watu zaidi ya 5,000, wengi wao wakiwa Amerika Kaskazini. Kwa jumla chanjo haikuzuia maambukizi. Lakini tangazo lilikuwa na sehemu ya pili: kwa wasiokuwa Wazungu wala Walatino, kinga ya asilimia 67; kwa weusi peke yao, asilimia 78.

Tukumbuke ilikuwa wakati gani. Huku kwetu dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijawafikia watu wengi, na misiba ilikuwa haipishani. Kusikia kwamba kuna chanjo inayoonekana kumkinga mtu mweusi halikuwa jambo la kupita tu masikioni. Sasa tazama kilichokuwa ndani ya ile asilimia 78. Weusi walikuwa 314 tu. Walioambukizwa kati yao walikuwa 13: tisa kati ya 111 waliochomwa sindano tupu, na wanne kati ya 203 waliochomwa chanjo. Watu wawili watatu wakibadilishana upande, habari inakuwa nyingine. Miezi michache baadaye, Novemba 2003, yalitoka matokeo ya jaribio jingine la chanjo ya aina hiyohiyo lililofanyika Bangkok, Thailand, kwa watu 2,546 wanaojidunga dawa za kulevya. Wote walikuwa Waasia, watu ambao tangazo la kwanza liliwaweka upande wa walionufaika. Haikuzuia kitu.

Kuna tofauti za kurithi ambazo ni za kweli kabisa. Mtu aliyerithi nusu ya selimundu ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali, na hilo linapimwa kwenye damu. Ndiyo maana nikiona jedwali limegawa watu kwa "weusi" na "weupe", huuliza kwanza: kitu kinachodhaniwa kuleta tofauti ni kipi, na kwa nini hakikupimwa chenyewe? Mmakonde, Mkikuyu na Mmarekani mweusi wa Chicago kuwekwa mstari mmoja hakunifundishi lolote kuhusu miili yao.

6. Wakati mwingine vikundi hufunga mlango wa visingizio

Hili ndilo ninalowasimulia vijana wanaoanza kazi.

Mtoto analetwa na homa kali. Mikono na miguu ni ya baridi ilhali tumbo linaunguza. Ukibonyeza ukucha, damu inachukua sekunde tatu au zaidi kurudi. Anahema kwa shida au amepoteza fahamu. Mafunzo yalikuwa wazi: mtundikie dripu ya haraka, mzunguko wa damu urudi. Kathryn Maitland na wenzake wa Kilifi waliuliza kama hilo limewahi kupimwa kwa watoto wa Afrika. Halikuwa limepimwa ipasavyo. Jaribio lao, FEAST, liliandikisha watoto 3,141 wa namna hiyo katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Baadhi walipewa dripu ya haraka ya albumini, baadhi ya maji ya chumvi, na kundi la tatu halikupewa dripu ya haraka, bali tiba nyingine zote za kawaida.

Jaribio lilisimamishwa mapema, 2011. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wasiopewa dripu ya haraka. Yaani kwa kila watoto 100 waliotundikiwa, watatu zaidi walifariki.

Nakumbuka mabishano yalivyokuwa. Kila daktari alikuwa amewahi kumtundikia mtoto dripu ya namna hiyo kwa nia njema, na kila mmoja alikuwa na maelezo. Itakuwa ni wale wa malaria. Hapana, ni wale wenye upungufu mkubwa wa damu, maji yaliizimua damu kidogo iliyobaki. Labda ni hospitali moja iliyoharibu wastani. Majibu yote yalikuwa kwenye ripoti. Watafiti walikuwa wamegawa kwa malaria na wasio na malaria, waliopoteza fahamu na walio macho, wenye damu iliyojaa tindikali na wasio nayo, wenye upungufu mkubwa wa damu na wasio nao, kwa ukali wa mzunguko kudhoofika, na kwa kituo. Katika mchoro kila kikundi kina mstari wake, na katikati umesimama mstari wa wima unaotenga faida na madhara. Nilipitisha kidole kutoka juu hadi chini nikitafuta kikundi kilichokaa waziwazi upande wa faida. Hakikuwepo hata kimoja.

Wengi hudhani uchambuzi huu ni wa kutafuta tofauti tu. Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni hii: kuonyesha kwamba jibu la jumla limesimama imara kila unapoligonga, ili asibaki mtu wa kusema "kwa mgonjwa wangu ni tofauti" bila ushahidi.

7. Asiyeandikishwa hana mstari

FEAST yenyewe iliwaacha nje kwa makusudi watoto wenye utapiamlo mkali na walioishiwa maji kwa kuhara na kutapika. Mtoto aliyekauka kwa kuhara ana shida nyingine na tiba yake ina mwongozo wake. Atakayemnyima maji kwa kutumia matokeo ya FEAST anasoma jedwali ambalo mtoto huyo hayumo.

Katika mkutano wa kuwapa wanakijiji mrejesho wa utafiti mmoja, bibi mmoja alisubiri wanaume wamalize kuuliza, kisha akasema, "Mwanangu, mjukuu wangu ana selimundu. Na yeye yumo kwenye hizo hesabu?" Nikamjibu, "Hapana, bibi. Wenye selimundu hawakuandikishwa." Akatikisa kichwa. "Basi hayo ni ya watoto wa wenzangu." Alikuwa amesema kweli, na sikuwa na la kumwongezea.

Wajawazito wameachwa nje kuliko wote. Dawa ya mseto ya ALu ilitumika huku kwetu kwa miaka mingi kutibu malaria, huku mama aliye katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito akipewa kwinini, kwa sababu majaribio yalikuwa hayajamjumuisha. WHO ilikuja kupendekeza ALu kwa mama huyo mwaka 2022, baada ya kumbukumbu za wanawake waliokwisha kuitumia kukusanywa na kuchambuliwa. Aliyetengwa ili alindwe alibaki miaka yote hiyo na dawa chungu zaidi na yenye maudhi mengi zaidi.

8. Ishara ya hatari hupimwa upya, haidharauliwi

Narudi kwenye chanjo ya malaria. Matokeo ya jaribio lile la nchi saba yalipochambuliwa baadaye kwa jinsia, jambo la kutisha lilijitokeza: wasichana waliochanjwa walikuwa wamefariki karibu mara mbili ya wasichana wasiochanjwa kwa RTS,S. Kwa wavulana haikuwa hivyo. Uchambuzi huo haukuwa kwenye mpango, vifo vilikuwa vichache, na kwa masomo yote niliyoyataja hapo juu ningeweza kusema ni nyota za Mapacha na Mizani tena.

Lakini kikundi kinachoahidi faida na kikundi kinachoonya juu ya kifo havistahili kutendewa sawa. Cha kwanza kinaweza kungoja. Cha pili kinataka kupimwa tena, kwa watu wengi, na kwa swali lililoandikwa mapema. Ndivyo ilivyofanyika. Mwaka 2019 Ghana, Kenya na Malawi zilianza kutoa chanjo katika baadhi ya maeneo yaliyochaguliwa kwa nasibu, huku vifo vya wasichana na wavulana vikihesabiwa kando, pamoja na homa ya uti wa mgongo na malaria ya ubongo. Kenya ilifanya hivyo katika kaunti za magharibi, zikiwemo Homa Bay, Siaya, Kakamega na Busia. Watoto zaidi ya 800,000 walikuwa wamefikiwa ilipofika Oktoba 2021, na madhara yale kwa wasichana hayakuonekana. Tarehe 6 ya mwezi huo WHO ikaipendekeza chanjo kwa watoto wa jinsia zote. Hesabu za baadaye zilionyesha vifo vya watoto, ukiondoa vya ajali, vimepungua kwa asilimia 13 katika maeneo yaliyopata chanjo.

Wapo wenzangu wanaosema miaka ile ya kusubiri ilikuwa mirefu mno, na kwamba wapo watoto waliokufa kwa malaria huku chanjo ipo. Nawaelewa, na siwezi kuwaambia wamekosea kuhuzunika. Ila mimi nina mabinti. Chanjo ile ilipokuwa inasubiri, swali lililokuwa mezani lilikuwa juu yao, na nilitaka lijibiwe na watu waliojipa kazi ya kuwahesabu.